Chupa Nne Nilizoleta Bukene

Kitete, Tabora
Alhamisi, 3 Oktoba 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Najua kabla ya yote utataka kujua kama mimi ni mzima. Mwili ni mzima, chakula kinapita, na ile homa ya mwezi uliopita imeniacha. Wewe je, goti linaendeleaje? Na kifua cha Mama, vumbi la kiangazi hiki limekihurumia? Nawasalimu wote wa mji, na ng'ombe nao nawasalimu, maana ndio walionifanya nishike kalamu.

Barua hii anakuletea Najiat, jirani yangu hapa, anayekwenda Bukene kesho kununua mchele. Nimemwomba aiweke mkononi mwako na si mwa mtu mwingine. Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Nimekupigia mara tatu tangu Jumapili, na mara zote uliweka sauti ya juu ili wazee waliokaa nawe wamsikie "daktari wa ng'ombe". Nikaishia kuuliza habari za mvua. Leo tangu asubuhi nakaa, nasimama, nakwenda mlangoni, narudi. Uji umeganda kwenye kikombe. Kwa hiyo nianze mwanzo, nisije nikaruka mahali.

Unakumbuka mwezi wa nane ng'ombe walivyovunja mlango wa ghala wakala mahindi mpaka matumbo yakajaa kama ngoma. Wawili walikufa. Watano walionusurika hawakucheua tena. Walisimama vichwa chini, wakanusa mabua, wakayaacha. Ukanipigia, nami nikakueleza kile tunachokichunguza hapa maabara: kwamba ng'ombe peke yake hawezi kuvunja bua kavu, hata atafune vipi. Ndani ya tumbo lake kubwa wanaishi kuvu wadogo wasioonekana kwa macho. Mbegu zao zina mikia na zinaogelea. Moja ikipata kipande cha bua inatua, inaota, inaingiza nyuzi ndani kama mizizi ya mkuyu inavyopasua kuta za nyumba kuukuu za hapa mjini. Bua likishapasuka, vijidudu wengine nao wanapata pa kuingilia. Nikakwambia kwamba mahindi yale yalilichachusha tumbo, na huenda kuvu wale wamekufa. Ukasema, "Kumbe ng'ombe wangu wamefiwa tumboni. Basi waletee wengine."

Nikasema nitawaletea. Nikaja Ijumaa ile na chupa nne nimezifunga kwenye kanga, nikawanywesha wale watano mbele ya watu uliowaita. Jumapili walianza kucheua. Ulilia, Baba, nilikuona ukijifanya umeingiwa na vumbi. Misa ilipokwisha ukasimama nje ya kanisa ukasema binti yako Koleta ameleta tumbo jipya. Sijawahi kusifiwa hivyo, na sijawahi kutamani kukimbia kama siku ile.

Ningeweza kunyamaza mpaka kufa kama isingekuwa Mzee Shigela. Wiki iliyopita alinipigia mwenyewe. Akasema mwaka huu hapeleki ng'ombe kusini ya Urambo kama anavyofanya kila kiangazi, kwa sababu safari inaua ndama na watoto wake wamechoka kutembea. Amekusanya majani makavu ya mpunga, amejaza uwanja. Ng'ombe arobaini na wawili watakula hayo tu hadi mvua, mradi nimletee chupa. "Binti yangu," akasema, "baba yako ameniapia. Nakungoja wewe tu." Tangu hapo usingizi wangu ni wa vipande. Kila siku anayoningoja, malambo ya njiani yanazidi kukauka, na akichelewa sana hata akitaka kuhama hatapata pa kunyweshea.

Sasa Baba, kaa chini kama umesimama.

Zile chupa zilikuwa zimekufa. Kuvu wale hawapatani na hewa, na wanataka joto la tumbo la ng'ombe saa zote. Siku mbili kabla ya safari zamu ya kulinda kabati la joto tunamowaweka ilikuwa yangu. Nilitoka kwenda kusuka nywele, nije nyumbani nikipendeza. Umeme ukakatika, jenereta ya kwetu huwashwa kwa mkono, na mkono wenyewe ulikuwa kwa msusi. Niliporudi kabati la joto lilikuwa baridi. Kwa hofu nikazifungua chupa nitazame, nikawaingizia na hewa. Nikakaa kwenye hadubini hadi shingo ikauma. Hakuna kilichoogelea. Nilijua, Baba. Nilipanda treni nikijua. Ulikuwa umeshawaambia watu binti anakuja na dawa, nami sikuwa na moyo wa kushuka Bukene mikono mitupu. Na hata kuzitoa chupa hizo sikumwomba mtu ruhusa.

Utauliza, sasa ng'ombe walipona kwa nini? Hata mimi nilijiuliza. Jumatatu ile, kabla sijarudi Tabora, niliamka alfajiri nikamkuta Mama zizini. Alikuwa amemshika ulimi yule maksai mzee ambaye hakula mahindi, akamtoa kinywani majani aliyokuwa akiyacheua, akayakoroga na maji ya vuguvugu kwenye kibuyu, akamnywesha mmoja wa wale watano. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema ndivyo bibi yake alivyofanya huko Igunga: ng'ombe aliyesahau kucheua hukumbushwa na mwenzake. Nikamwuliza ameanza lini. "Jumanne," akasema. "Wewe umekuja Ijumaa."

Nikakiinamia kile kibuyu. Mate na majani yale ndiyo hasa yanayobeba kuvu kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine. Ndivyo hata ndama wanavyowapata, kwa kulambwa na mama zao. Mimi nimelisoma darasani. Yeye alikuwa akilifanya. Nikamwuliza mbona hakusema. Akanawa mikono kwanza. "Baba yako alikuwa ameshawaita watu," akasema, "na wewe ulikuwa umevaa koti jeupe. Nikavunje furaha ya nani?"

Basi, huyo ndiye aliyewaponya ng'ombe wako. Nawe ulimgombeza siku ile mbele yangu kwamba anachezea mate ya wanyama.

Jana nilimweleza mkuu wangu, Daktari Octavian, yote, hata habari ya msusi. Nilitegemea kelele. Aliuliza tu Mama humchagua ng'ombe gani wa kutolewa majani kinywani, na hutoa asubuhi au jioni. Nikasema sijui, sikuuliza. "Hilo ndilo kosa lako la pili," akasema. Ameniondoa kwenye maabara kwa miezi mitatu, nitakuwa zizini kuzoa kinyesi na kupima malisho. Nimekubali.

Ninachokuomba ni kimoja na hakingoji. Nenda kwa Mzee Shigela leo hii, ukiisoma hii tu. Mwambie hakuna chupa. Mwambie ng'ombe wake ni wazima na kuvu wanao tayari tumboni, walio hai kuliko wangu wote. Lakini kuvu huvunja bua tu, hawaliongezei kisichomo. Majani matupu ya mpunga hayana cha kumjenga ng'ombe, na hao arobaini na wawili watakonda mpaka walale wasiinuke. Ahame sasa, maji yangali yapo njiani. Najua utaona aibu, kwa kuwa uliapa kwa jina langu. Sema kosa ni la Koleta. Mimi nitashuka Bukene Jumamosi, nitasimama nje ya kanisa Jumapili na kulisema mwenyewe kwa mdomo wangu, na la Mama nitalisema pia, hata akikataa.

Msalimie sana Mama, na kama atakubali umsomee, msomee yote, usiruke. Wasalimie majirani, na wote wanaoniulizia. Mungu akupe nguvu za goti. Ukitaka kunikasirikia, nakuomba uanze kwa Mzee Shigela kwanza, kisha ndipo unikasirikie.

Ni mimi mwanao,
Koleta