Vidole vya mama vinapotea kila nikirenda video

Shangazi wa ukurasa huu, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimechanganyikiwa hadi nimeanza kugombana na kompyuta kwa sauti, na sijui hata kama swali langu ni la kwako au la fundi, ila mafundi nimeshawamaliza.

Mimi ni mpiga video wa sherehe. Mama yetu ni kiziwi, anaongea kwa mikono, na mimi na dada yangu mkubwa tulijua ishara kabla hatujajua kusema kwa mdomo. Dada aliolewa mji wa mbali, mama hakwenda harusini, dada akanuna, na tangu hapo hawaongei, na sasa dada ana mtoto ambaye mama hajamwona hata siku moja. Nimebembeleza huku na huku mpaka dada akalegea, akaniandikia, "Nitamleta mtoto, lakini kwanza mama aniambie mwenyewe kwa nini hakuja. Mwenyewe, si wewe umsemee. Na simu ya video sitaki, tutagombana kabla hajamaliza." Basi mama akakubali nimrekodi. Akavaa vizuri, akanifungisha mapazia kwa sababu jirani wa dirisha la pili anaelewa ishara na umbea anaupenda, akakaa kwenye kochi, akasema yote, na mimi nyuma ya kamera machozi yakanitoka. Alichosema sitakiandika hapa, ni chao.

Sasa sikia, Shangazi. Nikiitazama ndani ya programu ya kuhariri, video ni safi kabisa. Nikishairenda, yaani nikishaitoa iwe faili la kutuma, inaharibika, na haiharibiki yote, hapo ndipo ninapopotea: mama akitulia namwona hadi maua ya kitambaa chake cha kichwa, akiinua tu mikono aongee vidole vinayeyuka, vinakuwa viraka vya ukungu, na akikazia neno ndiyo basi tena. Nikaichukua ile iliyorendwa nikairudisha kwenye programu, nikaiongezea ukali wa picha, nikairenda tena, ikazidi. Nikaikuza iwe ya ukubwa wa sinema, ikawa kubwa na mbaya. Mwenzangu mmoja wa kazi anasema ni joto, nikaiwekea kompyuta feni. Mwingine anasema ni virusi, nikafuta programu nikaiweka upya. Wa tatu anasema kamera imechoka, lakini kama imechoka mbona ndani ya programu iko safi? Na video zangu za harusi, kwa mipangilio hiyohiyo, hakuna aliyewahi kulalamika. Tena hii nimeipamba kuliko zote, nimeifanya picha imsogelee mama polepole mwanzo hadi mwisho, nimeweka muziki laini, nimekata sehemu alizonyamaza.

Nikaituma hivyohivyo, nikidhani labda kwenye simu ya dada itatulia. Dada akajibu, "Uso naona, kitambaa naona, ninachotaka ndicho sioni. Kuna kitu amesema hutaki nikijue?" Nikamwambia ni kompyuta. Akasema, "Kompyuta gani hiyo inachagua vidole?" Shangazi, hata mimi najiuliza hivyohivyo. Nikamwomba mama arudie, akanikatalia kwa mkono mmoja: "Nimeshasema. Yale sisemi mara mbili." Na kila akipita mlangoni ananiuliza kama dada amejibu, nami najifanya nina kazi ya watu. Naogopa. Nikimwandikia dada tafsiri hataamini, nikikaa kimya hatakuja tena. Nifanyeje, na hii kompyuta ina nini na mama yangu?

Mpiga video aliyekwama

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Mimi nimezoea wakwe, mawifi na wanaume wanaoficha simu. Leo umeniletea kompyuta. Nimesoma barua yako mara mbili sikuambulia kitu, nikaibeba hadi kwa mwenzangu anayehariri video za gazeti letu. Akaisoma amesimama, akasema, "Huyu kompyuta yake nzima. Anamrenda mama yake kama bibi harusi."

Alivyonieleza ni hivi. Ukirenda, programu inaibana video iwe nyepesi, na kinachoumia kwanza ni kile kinachokwenda mbio. Harusini watu wanatembea taratibu na kutabasamu, nani atachunguza vidole vyao? Mama yako maneno yake yote yako vidoleni, na akipandwa na hisia anaharakisha. Tena chumba ulikitia giza, picha ikawa na chenga, vile vidoti vinavyochezacheza, na programu inamaliza nguvu zake kuchora chenga. Ukaongeza ule msogeo, hata ukuta uliotulia ukawa unatembea. Kisha ukarenda kilichokwisha kurendwa. Na feni, baba, feni ilikuwa ya nini?

Kwa hiyo rudi kwenye faili lililotoka kwenye kamera, yale mengine futa. Ondoa msogeo. Angalia kamera ilirekodi fremu, yaani picha, ngapi kwa sekunde, urende idadi hiyohiyo. Ukizipunguza umemkata mama maneno katikati. Ule mpangilio wa video ndogo ya kutuma uache, ongeza bitireti, yaani data inayoruhusiwa kwa kila sekunde, na faili likiwa zito liwe zito. Usilitume kama video ya kawaida maana litabanwa tena njiani. Litume kama faili, au liweke mtandaoni umpe dada kiungo alipakue.

Hayo ni ya mwenzangu. Yangu ni haya, na hapa nakugombeza. Mama kiziwi anaongea na binti yake kwa mikono, wewe unawawekea muziki, nani alikuomba? Na alipokuwa kimya, nani alikupa ruhusa ya kukata? Mtu anatafuta namna ya kuongea na mwanawe, mikono imemlalia mapajani, hapati pa kuanzia, na wewe unaona hapo video imepooza! Dada yako hakosei kushuku kwamba kuna mkono wako pale katikati. Upo. Hukuuweka kwa ubaya, unawapenda wote wawili, nami nakuonea huruma, maana kubebeshwa maneno ya watu wazima ni kazi nzito. Lakini alichoomba dada ni mama yake.

Nilimwuliza mwenzangu swali la kijinga: "Hivi lazima arende?" Akasema, "Hapana."

Basi usirende. Mpelekee dada faili la kamera lilivyo, tangu mama anavyojiweka sawa kwenye kochi hadi anapokuashiria uzime. Kabla ya hapo nenda kwa mama ukamwambie ukweli kwamba video ya kwanza iliharibika, asiendelee kungoja jibu la kitu kisichosomeka, akikufokea, pokea. Kisha tuma. Na dada akijibu, usilifungue jibu hilo. Mpe mama simu, mwonyeshe pa kubonyeza, halafu utoke chumbani.