Kopo Ukutani kwa Mama Sikujua

Dar es Salaam, Jumapili baada ya misa

Mama yangu,

Shikamoo. Na Bibi mfikishie shikamoo yake peke yake, usiichanganye na yako. Mmemaliza kuvuna ulezi? Kifua chako kinauonaje huu upepo wa mwezi wa sita? Ng'ombe wa majirani zetu Wasukuma bado wanaingia kwenye maharage, au mlishaelewana? Mdogo wangu Leo ameacha kukojoa kitandani? Mwambie nimeuliza, aone aibu kidogo.

Mimi mwili mzima. Baba mdogo naye mzima. Tangu shirika lao lilipouzwa na wao kupunguzwa, lile duka la simu ndiyo kazi yake, na anasema hajuti. Ila simu yake ikilia tukiwa mezani anaondoka na tonge mkononi.

Mama, barua yako niliipata Jumatano hii iliyopita kwa mkono wa baba yake Kristina, alipoleta lori la mahindi. Umeandika kwamba Bibi amepakwa mafuta ya wagonjwa, na kwamba kila akiamka anaulizia rozari yake aliyoniazima nilipokuja huku shule. Umeandika, "Itume upesi, anataka aishike yeye mwenyewe, asije akawekewa mkononi akiwa hajui." Nilipofika hapo sikulia. Niliikunja nikaenda nyuma ya nyumba kuisoma tena. Rozari sikuwa nayo.

Nilianza kukuandikia kwamba imeibwa bwenini. Nikakumbuka kwamba sikai bweni. Ile karatasi nikaichana, na hii ndiyo ya kweli.

Darasani nakaa na msichana anaitwa Nadia. Baba yake anauza vyombo vya umeme, redio, kompyuta, kila kinachoshuka bandarini tangu milango ya biashara ilipofunguliwa. Nadia ndiye aliyetuletea huo mchezo. Mtu anaficha kopo mahali. Ana kifaa kidogo cha kushika mkononi, kinasoma satelaiti na kumwambia amesimama wapi duniani, kwa namba. Zile namba anaziandika kwenye mtandao. Mtu mwingine, hata awe Ulaya, akizisoma anaweza kuja na kifaa chake mpaka pale pale, akalitoa kopo, akaandika jina lake kwenye kijidaftari kilichomo, akachukua kitu kimoja na kuacha kingine, akalirudisha. Imekwisha. Hakuna zawadi. Sheria kubwa ni kwamba asiyecheza asikuone.

Nikuambie ukweli, niliupenda. Unanijua nilivyo. Mwalimu akinisimamisha nijibu, Kiingereza kinakimbia, Kiswahili kinakimbia, hata Kifipa sijui kinakwenda wapi. Lakini katika mchezo huo anayenyamaza ndiye hodari. Nadia na wenzake wawili walikuwa wananisifu: Yustina hata akipita humsikii. Nilizunguka nao mji huu Jumamosi nyingi, kwenye kingo za barabara ya ufukweni, chini ya madawati ya kupumzikia, nyuma ya vibao vya matangazo. Mimi ndiye niliyewasomea yale maelezo ya Kiingereza yenye mafumbo, maana kuandika na kusoma hakunishindi. Nilijiona mtu.

Kisha Nadia akasema na sisi tufiche la kwetu. Akachagua karibu na pantoni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nyuma ya mabanda ya wakaangaji. Nikamwuliza kwa nini hapo. Akasema wageni wa mahotelini wanapenda mahali penye maisha.

Mama, hayo maisha nikueleze. Nyuma ya mabanda kuna mtaro. Humo yanapita matumbo ya samaki, magamba, maji ya damu, mafuta yaliyoungua, na wanaume wanajisaidia humo humo wakiwa wamesimama. Nzi hawaruki ukipita, wameshiba mno. Nilikanyaga kitu laini, mpaka leo sijui kilikuwa nini, na kile kiatu nilikitupa nikamdanganya Baba mdogo kwamba kimekatika. Samaki sili tena. Migebuka mliyonitumia kutoka Kabwe, ile mikavu mizuri, nimempa jirani kwa sababu nilipofungua mfuko nilisikia ule mtaro. Nisamehe.

Na juu ya mtaro huo huo, ukuta ukiwa mgongoni, anakaa mama mmoja anakaanga samaki tangu asubuhi. Anaitwa Mama Sikujua. Jina nimelijua baadaye, wakati huo alikuwa tu mtu wa kumkwepa. Katika ukuta wake kulikuwa na tofali lililolegea. Tulingoja ainame kuchochea mkaa, Nadia akalivuta, tukaweka kopo la maziwa ya unga.

Kabla ya kulifunga kila mmoja aliweka kitu. Nadia kalamu, wale wengine gololi na pete ya plastiki. Wakanigeukia. Mfukoni nilikuwa na leso na rozari ya Bibi, basi. Ningeweza kusema sina kitu, wala hakuna ambaye angenichapa. Lakini unakumbuka ulivyonifundisha: sahani ya jirani ikija na maharage, nisiirudishe tupu, hata kama ni konzi moja ya ulezi. Nilisimama pale na chombo wazi mbele yangu na watu wananitazama, mkono ukaenda wenyewe. Nikaiweka. Kwenye kijidaftari nikaandika jina langu, likawa la kwanza kabisa, kwa sababu mwandiko wangu ndio mzuri. Nikajiambia kesho nitakuja na kibanio cha nywele, nibadilishe.

Kesho yake nilikwenda. Mama Sikujua amekaa pale pale, anatazama upande wangu. Nikapita. Nikaenda tena siku nyingine baada ya shule, na nyingine, na nyingine. Kila mara yupo, maana ndiyo kazi yake, angekuwa wapi? Na kila mara nilipita mbele yake bila kumsalimu. Mama, umenielewa? Mtu wa umri wako, amekaa chini juani, mimi nimesimama, nimevaa sare ya shule, napita kama napita mbele ya jiwe. Mara nne. Nilijiambia ni sheria ya mchezo. Lakini mara ya nne yeye ndiye aliyenisalimu. Alisema, "Hujambo, mwanangu?" Nikaongeza mwendo, na tangu hapo sikurudi tena. Hilo ndilo linanichukiza kuliko mtaro.

Basi barua yako ilipofika, kesho yake Alhamisi nilitoka shule nikaenda moja kwa moja. Tofali halipo. Kuna tundu tupu na limepakwa chokaa pembeni. Na Mama Sikujua hayupo ukutani. Yuko huku mbele kabisa, mwisho wa mabanda, mahali pasipo na kivuli, karai lake juu ya mafiga matatu na upepo wa bahari unazima mkaa.

Nikapiga goti, pale pale kwenye magamba. Nikasema shikamoo.

Aliniangalia sana. Akasema, "Kumbe una mdomo."

Sikujua nianzie wapi, nikauliza kama ameona kopo. Wanawake wa mabanda ya jirani wakaacha visu. Akanieleza bila kupandisha sauti. Mzungu mmoja mwanamume alikuja na kitu kinachowaka mkononi, akazunguka nyuma yake akipapasa ukuta, akavuta tofali, akatoa kopo, akaandika, akarudisha, akaondoka anachekelea. Muuza ndizi akamwona. Wakalitoa. Ndani wakakuta vitu vidogo vidogo visivyo na maana, shanga zenye msalaba, na daftari lenye majina ya watu. Mama, wewe ungefikiri nini? Na wao wakafikiri hivyo hivyo. Wakasema ndiyo maana samaki wake wanaisha mapema kuliko wa wenzake. Amezika dawa ya kuvuta wateja, na hayo majina ni ya waliokwisha kufungwa humo. Wakampeleka kwa mwenyekiti wa soko. Mwenyekiti akasema hataki maneno, akampa mtu mwingine ile nafasi ya ukutani, na Mama Sikujua akaambiwa achome lile kopo mbele ya watu wote.

"Nikachoma," akasema. "Kitu si changu, nikachoma kama changu. Jina la kwanza mle ndani lilikuwa Yustina. Miezi sasa namtafuta huyo Yustina. Unamjua?"

Nikasema, "Yustina ni mimi."

Mwanamke mmoja akauliza natoka wapi. Na mimi, Mama, kwa upumbavu wangu wa kutojua kudanganya mbele ya watu, nikasema Sumbawanga.

Wangeona joka wasingeruka vile. Mmoja alikanyaga ndoo yake mwenyewe. Unajua huku wanavyotusema, kwamba kwetu mtu akikosa nauli anapanda ungo. "Sumbawanga yenyewe?" akauliza yule wa ndoo. "Jamani, katumwa na fundi mwenyewe." Mwingine akaniambia niondoke kabla sijamgeuza samaki kibua. Wakacheka, lakini walicheka wakiwa mbali.

Nikajaribu kuwaeleza ule mchezo. Mama Sikujua akawa ananihoji kama padri anavyohoji mtoto wa komunyo.

"Mnaficha kopo. Halafu?"

"Watu wanalitafuta."

"Wakilipata?"

"Wanaandika jina."

"Halafu wanalichukua?"

"Hapana. Wanalirudisha."

Akatazama wenzake, akanitazama mimi. "Mwanangu, hata uchawi una faida kuliko hiyo."

Sikia harufu ile, ona yule mama anapepea mkaa kwa kipande cha boksi, machozi yanamtoka kwa moshi, halafu uniambie tulikuwa tunacheza nini pale. Tuliuchukua ukuta wake hatukumwomba, kwa sababu hatukuona kwamba ni wa mtu.

Nikauliza rozari. Akasema zile shanga hakuzichoma. Yeye ni Mwislamu, lakini kitu cha ibada hakichomi, hata kama kimekutwa kwa mchawi. Alizitoa kopo likiwa bado halijashika moto, watu wakamsema na kwa hilo pia. Akaniambia atanipa. Lakini kwanza nije Jumamosi, mwenyekiti akiwepo, niseme mbele ya soko yale niliyoyasema mbele yake. Yote, na jina langu.

Nikamwambia bibi yangu anakufa. Akasema pole sana. Akasema, "Na mimi wanangu wanakula nini, mwanangu?" Akageuza samaki.

Ijumaa nikamwomba Nadia aje nami, maana wazo lilikuwa lake na yeye anajua kuongea. Alicheka mpaka akashika tumbo. Akasema nisijipeleke kwenye mambo ya watu wasioelewa, atamwomba baba yake anunue rozari nyingine, nzuri zaidi, yenye shanga za kioo. Wala hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ameshapata mahali pengine pa kopo jipya, nyuma ya kituo cha mafundi viatu. Akaniuliza nitakuja? Nilimtazama nikaona nimechoka naye, na nimejichoka mwenyewe zaidi, kwa sababu miezi miwili nyuma ningekwenda. Nikamwambia siendi. Akauliza nimekasirika? Nikamwambia ndiyo. Sijawahi kumwambia mtu hivyo.

Jana nikaenda peke yangu. Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye kreti la soda, na watu kama ibada ya Pasaka. Nilianza kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia, mtu akapiga kelele nyuma, "Ongeza, Sumbawanga!" Nikaongeza. Nikasema jina langu na la shule na la Baba mdogo. Nikasema kopo ni letu, tuliliweka sisi, huyu mama hakujua, majina ni ya watu waliokuja kucheza, na dawa hakuna. Nikasema nilipita mbele yake mara nne sikumsalimu, naye alinisalimu nikakimbia. Hilo halikuwa na kazi kwenye kesi, lakini lilitoka. Nadhani ndilo waliloliamini. Mzee mmoja muuza pweza alisema, "Huyu si mchawi, mchawi hasahau kusalimia," na watu wakacheka vizuri safari hii.

Mwenyekiti akasema amesikia, na kwamba Mama Sikujua hana kosa. Lakini nafasi ya ukutani ameshapewa mtu, na mtu haondolewi hivi hivi. Itabidi angoje mpaka nyingine ipatikane. Ndiyo hukumu. Nilitegemea nikisema ukweli atarudishwa pale pale. Hakurudishwa. Nilimwacha juani kama nilivyomkuta, tofauti ni kwamba sasa wanunuzi wachache wamerudi. Alifungua pindo la khanga akanipa rozari. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Mpelekee mwenyewe, huyo bibi yako." Baba mdogo nilimweleza jioni ile ile, akazima simu yake. Amesema kila Jumamosi nikamchotee yule mama maji mpaka apate nafasi, na mwavuli wa dukani wa kampuni ya simu tutampelekea. Nitakwenda. Bado pananuka, na bado nitakwenda.

Mama, rozari imo ndani ya kifurushi hiki cha kitambaa alichokishona baba yake Kristina, ambaye ndiye anayekuletea. Nimeiosha kwa sabuni mara tatu na bado ina harufu ya samaki wa kukaanga. Padri ameibariki upya leo asubuhi, nilimweleza kwenye kitubio akaniuliza ni mchezo gani huo, nikachoka kueleza.

Nisalimie Leo, na Baba mkubwa wa Namanyere akija mnadani, na mama mkunga, na katekista wetu, na Kristina mwambie nimeona baba yake anaendesha kwa uangalifu. Wasukuma pia wasalimie, ng'ombe wasiingie shambani.

Sasa ninalokuomba. Usimpe Bibi rozari kwanza. Kaa kitandani kwake, umsomee barua hii yote kwa Kifipa, na pale pa mtaro usiruke, na pale pa kutosalimia usiruke. Akishasikia ilikokuwa, ndipo umwulize kama bado anaitaka. Akinyoosha mkono, mpe.

Mimi mwanao, ninayekuonea haya,
Yustina