Pale Ilipokuwa Karatasi Yako

Mama yangu uliyelala Mbozi,

Nakuandikia nikiwa hapa Mpemba, karibu na mpaka, malori yamepanga foleni hadi karibu na mlango wangu, na ninaogopa. Dada Neema sijamwambia. Nimeona nianze na wewe, kwa sababu wewe uliniuliza mapema.

Unakumbuka siku niliyokuonyesha wiki ya ukoo, ile tovuti yetu? Ulikuwa unaanika kahawa. Ukafuta mikono kwenye kitenge, ukaishika simu yangu kama yai. Nikakueleza kwa majigambo kwamba nimeitengeneza mwenyewe: kurasa ambazo kila mwanaukoo anaweza kuandika, na sehemu ya kupakia faili, kila hati ikae kwenye ukurasa wake. Kiambatisho cha kwanza kilikuwa picha ya karatasi yako, ile waliyoiandika wazee wa ukoo baada ya msiba wa baba, kwamba shamba la kahawa la kule mtoni ni lako, na baada yako ni la Neema. Alama ya dole gumba lako ilikuwa chini kabisa, imekolea wino.

Ukaniuliza, "Na mtu akiweka nyingine yenye jina hilohilo?"

Nikakujibu kwamba mpya inachukua nafasi ya ile ya zamani, ili seva isijae. Ukatikisa kichwa. Kwenye kopo lako la biskuti karatasi mpya ilikaa juu, ya zamani ikabaki chini yake, na hukuwahi kuchoma hata risiti ya mbolea. "Hapo sijapapenda, mwanangu," ulisema. Nikacheka. Nilikuona mshamba, Mama. Nisamehe.

Kutunza matoleo ya zamani, na jina la kila anayepakia, kulikuwa kazi ya siku mbili tu. Nikaona uvivu. Karatasi yenyewe niliirudisha kwa bodaboda kutoka Mlowo mvua ikinyesha, ikafika imekuwa uji, nami nikakwambia usijali, iko mtandaoni. Simu niliyopigia picha niliibiwa huku mpakani.

Juzi Neema alinipigia. Baba mdogo alifika shambani na wanaume wawili, wakapima kwa kamba na kugonga vigingi katikati ya mibuni yako. Neema hakugombana naye. Alimwambia karatasi ipo, itasomwa kwenye kikao cha ukoo Jumamosi. Baba mdogo akamjibu taratibu, "Sawa, mwanangu. Tutasoma iliyopo kwenye wiki." 

Leo nimefungua ukurasa. Jina la faili ni lilelile. Ndani kuna karatasi nyingine, safi, haimtaji Neema popote, na ina alama ya dole ambalo si lako. Kwenye orodha ya viambatisho ilikuwa bado imebaki ile picha ndogo ya zamani, ndogo kama ukucha. Maneno hayasomeki, lakini doa jeusi la dole gumba lako nililiona. Kabla sijainakili ukurasa ukafunguka upya, na doa halikuwepo tena.

Jumamosi wataniita nisimame nisome, maana mimi ndiye mtunza wiki. Neema atakaa mbele akiniangalia, hana wasiwasi kabisa. Asubuhi hii ameniambia kigingi cha mwisho kimegongwa karibu na njia, na kaburi lako limebaki upande wao.

Lala, Mama, wakikuacha.

Kitinda mimba wako,
uliyemkabidhi karatasi