Sinia la Ijumaa

Jumanne, tarehe 2 Julai

Dirishani tena. Saa moja na nusu asubuhi, wa tatu kwenye mstari. Muuguzi Kitenge amenipa vidonge kupitia dirisha la kituo, mkono umevaa glavu, uso ameugeuzia pembeni. Miezi sita sasa na bado sijui kama mtu huyu ana meno. Nimemeza mbele yake kama inavyotakiwa. Ametia alama kwenye kadi. Ilikuwa alama ya mwisho.

Sijakohoa tangu Machi. Nimerudi nyumbani, nikafungua cherehani. Hakuna mteja. Watu wa Kasongo wanasema nguo niliyoishona mimi inabeba kifua kikuu kwenye pindo. Basi natia viraka suruali zangu mwenyewe, halafu naandika humu, katika daftari la vipimo. Vipimo vya watu havipo tena.

Ijumaa, tarehe 5 Julai

Nimepona. Daktari Furaha ameandika na kupiga muhuri. Kwa kawaida huja kituoni kwetu Jumanne tu, lakini leo ameleta majibu ya makohozi mwenyewe. Amenipa mkono. Mkono mtupu. Nilikuwa nimesahau kwamba mkono wa mtu una joto.

Nikampelekea kaka Amisi karatasi. Tangu mke wangu afariki naishi uani kwake, chumba cha nyuma. Ameisoma mara mbili, akasema Alhamdulillahi, akaikunja vizuri. Baada ya sala wanaume wakakaa barazani kama kila Ijumaa: sinia moja, wali, samaki kutoka Nyangwe. Nikangoja kuitwa. Shemeji Mwajuma, mke wa Amisi, akatokea na sahani yangu ya bati, imefunikwa, akaiweka kwenye kigoda kando ya cherehani. Kama jana na juzi. Tofauti ni kwamba leo samaki walikuwa wawili.

Nimelia. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jumanne, tarehe 9 Julai

Mkutano kituoni. Daktari Furaha ameita wagonjwa, waliopona na wauguzi. Amesema wengi wanaanza dawa na wengi wanaiacha katikati. Amemtaja Yuma wa Wamaza. Namjua. Alipokuja Kasongo kuanza dawa tulikaa benchi moja, mcheshi sana. Sasa mama yake amemjengea kibanda shambani na dawa hanywi.

Daktari akauliza kwa nini. Watu wakajibu kwa adabu: njia ni mbali, mvua, njaa. Yote kweli. Hakuna aliyesema lile lingine. Mimi hasira zangu haziombi ruhusa. Nikasimama, nikasema tunaacha kwa sababu hata tukimaliza hakuna anayekula nasi. Sasa tumalize kwa ajili ya nini?

Kisha Mama Zainabu, muuza karanga, aliyepona zamani, akasema binti zake mpaka leo wanakisugua kikombe chake kwa majivu, mbali na vyao. Alisema akicheka. Hakuna aliyecheka naye.

Daktari akaeleza tena kwamba ugonjwa huu unapita kwenye hewa, mtu akikohoa, si kwenye sahani, na kwamba aliyepona haambukizi. Sisi tunajua hayo. Nikamwambia watu wetu hawataamini maneno wala muhuri. Njoni nyumbani kwetu mle nasi, mkono kwenye sinia, wao wakiona.

Akakubali palepale. Mama Zainabu akamkatiza.

“Dokta, weye ni mwanamuke. Utakula na siye wanamuke, muzuri sana. Kwa sinia ya wanaume, nani atakaa?”

Macho yote kwa Kitenge. Kitenge akaangalia dirisha lake.

Tumekubaliana: nyumba ya kwanza ni yetu, Ijumaa hii. Kitenge hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Alhamisi, tarehe 11 Julai

Amisi amesikia habari sokoni kabla sijampasha. “Umetuanika inje,” amesema. Basi. Hakuniangalia. Lakini mgeni hafukuzwi, sembuse muuguzi, kwa hiyo kesho watapika. Mwajuma amenunua kuku.

Najuta kidogo. Hapana, sijuti. Naogopa.

Ijumaa, tarehe 12 Julai

Kitenge hakuja.

Nilinawa mikono. Nilivaa kanzu yangu nyeupe, nimeipiga pasi mwenyewe. Wanaume wakakaa, sinia likaja, Amisi akasema tumngoje mgeni. Tukangoja. Wao barazani, mimi langoni, namtazamia njiani. Wali ukapoa. Mwishowe Amisi akasema bismillahi, wakala. Mikono yangu ilikuwa imeshakauka. Mwajuma akaniletea sahani yangu, na siku hii hata yeye aliinamisha macho.

Namchukia Kitenge. Naandika jina lake hapa ili nisije nikajifanya baadaye kwamba nilimsamehe upesi.

Jumanne, tarehe 16 Julai

Nimekwenda kituoni kumtukana. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, mazuri kweli. Sikuyatumia hata moja.

Kitenge aliponiona alifunga dirisha, akatoka kwa mlango. Mara ya kwanza kumwona miguu. Akaniambia mdogo wake alikuwa mchimbaji wa dhahabu Salamabila, akapata ugonjwa huu, akaletwa kwake akiwa amechelewa. Yeye Kitenge ndiye aliyemlisha mpaka mwisho. Tangu hapo glavu.

“Minaogopa, Salumu. Ya kitabu minajua yote. Lakini mukono unakataa.”

Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mwenye dharau. Mtu mwenye woga nilikuwa sijamwandalia chochote. Nikampa pole.

Daktari Furaha hakumgombeza. Aliketi nasi kwenye benchi, Mama Zainabu akiwemo, akauliza tufanye nini. Sisi tukasema, yeye akaandika. Dirisha lifungwe. Dawa itolewe kwenye baraza ya kituo, nje, kila mtu akiwa amekaa, Kitenge akiwa amekaa nasi. Daktari akasema hewa ya nje ni salama kwetu sote kuliko kile chumba cha dirisha, na kwamba alipaswa kuliwaza hilo zamani. Anayekohoa bado akae upande upepo unakoelekea, na kitambaa mdomoni. Hayo tumeyaamua sisi na wao pamoja. Nimetoka pale mgongo umenyooka.

Nyumbani, sahani kwenye kigoda.

Jumanne, tarehe 23 Julai

Mimi sina dawa ya kunywa tena, lakini nimekwenda. Nina nafasi, cherehani haina kazi.

Kitenge kakaa mwisho kabisa wa benchi, nusu yake iko hewani. Bila glavu. Anawahesabia watu vidonge kwenye kiganja na anawaita kwa majina yao. Mama Zainabu akamnyooshea karanga kwenye kiganja chake mwenyewe. Kitenge akaziangalia kitambo. Akachukua. Akatafuna. Ana meno, tena yote.

Mama Zainabu akampa nyingine.

Ijumaa, tarehe 26 Julai

Amekuja. Shati la kitenge, viatu vimesafishwa. Nilikuwa sijanawa hata mikono maana sikumtegemea.

Amisi akampa nafasi ya heshima. Kitenge akasema atakaa karibu na Salumu. Jirani yetu Saidi akakumbuka ghafla baiskeli yake, akaondoka. Wengine wakabaki, kwa aibu nadhani. Sinia likawekwa. Nikapeleka mkono wangu baada ya miezi mingi, nikamwaga wali kwenye jamvi. Kitenge akangoja nile kwanza. Kisha akaupeleka wake mbele yangu, akachota palepale nilipochota mimi, akala. Jasho lilimtoka. Aliendelea. Akasifu mchuzi.

Amisi alikula. Nilimwona. Alikula upande wake, taratibu, mpaka mwisho.

Nina furaha hata naona haya.

Jumamosi, tarehe 27 Julai

Mchana nikaenda barazani, nikakaa. Mwajuma akaja, akanipita na sinia, akasimama kidogo.

“Shemeji, yako iko kule. Kaka yako ndiye amesema.”

Kaka yangu alikula jana kwa sababu kulikuwa na mgeni. Leo mgeni hayupo. Ana watoto wadogo wanaokula kwenye sinia lile, nalijua hilo, naweza hata kumtetea. Simtetei.

Nimerudi chumbani. Sahani ile ile. Sikula.

Jumatano, tarehe 31 Julai

Wamaza. Nilikataa kwenda, Daktari Furaha akaniambia bila mimi Kitenge ataonekana serikali tu. Siku nzima juu ya pikipiki, mimi na Kitenge na dereva, vumbi mpaka kwenye kope. Tumelala kwa muuguzi wa huko, asubuhi tukaenda kwa akina Yuma.

Muuguzi wa Wamaza alikuwa amempima tena makohozi: safi. Lakini dawa zake hazijaisha, na akiacha ugonjwa utamrudia. Yuma yuko kibandani, katikati ya mihogo. Amekonda, hakunichekesha. Mama yake anamwachia chakula kwenye kisiki, anaita jina lake, anaondoka.

Tukamwomba mama alete chakula uani, kwenye bakuli moja. Watu wa kijiji wamesimama kando, wanatazama. Bugali na sombe, mboga ya majani ya mihogo. Kitenge akanawa, mimi nikanawa, Yuma akanawa. Nikamwambia mama yule kwamba mimi niliugua ugonjwa huo huo, benchi moja na mwanawe, na kwamba nimepona. Akaniuliza kwa Kiswahili cha kubahatisha, kwani yeye hutumia zaidi Kibangubangu.

“Kwako, wanakula na weye?”

Kila mtu alingoja. Kitenge aliangalia chini. Ningeweza kusema ndiyo. Ijumaa moja nilikula nao, si uongo mtupu.

Nikasema hapana. Nikasema, mama, kwangu bado nakula peke yangu, na ni kubaya kuliko kukohoa.

Mama akaketi. Akakata tonge, akachovya kwenye sombe, akala karibu na mkono wa Yuma. Yuma akageuza uso kwenye mihogo. Baada ya kula alimeza vidonge vyake mbele yetu, mama yake akamshikia maji.

Ijumaa, tarehe 9 Agosti

Nimeshinda kituoni Jumanne na jana. Daktari Furaha amenipa majina mawili mengine, moja la Kabambare mjini. Nimempimia Kitenge suruali. Ni mteja wangu wa kwanza tangu mwaka uanze, na ana kiuno cha mtoto.

Muuguzi wa Wamaza amepiga simu. Yuma amehamia nyumbani.

Hapa kwetu kumetulia. Baada ya sala wanaume walikaa barazani. Sikuenda. Mwajuma ameniletea sahani yangu, nimeanza kula, wali na sombe na kipande cha samaki. Nilikuwa nusu ya sahani aliporudi na kikombe cha maji. Akakiweka. Hakuondoka. Akachuchumaa, akapeleka vidole kwenye sahani yangu, upande ule niliokuwa nakula, akamega samaki, akatia kinywani mwake. Akatafuna huku akiangalia cherehani.

“Chumvi iko kidogo leo,” akasema.

Akainuka, akaenda zake barazani kuondoa vyombo.

Nimemaliza sahani yote, polepole. Chumvi ilikuwa ya kutosha.