Eti Nini?

Kaka mpendwa,

Sijui kama barua huingia huko kizuizini walikokupeleka, wala kama utapata wa kukusomea. Naandika hata hivyo. Leo kazini jina lako limetajwa.

Unakumbuka pambano lako la kwanza hapa Nakuru? Ulitoka Rongai ulikokuwa ukibeba magunia ya ngano, mabega yako yakajaza mlango wa ukumbi. Mpinzani alikuangusha mapema, nawe ukalala ukimtazama refa kwa makini, mzima kabisa, mpaka akamaliza kuhesabu. Nilipokuuliza kwa nini hukuinuka, ulikasirika.

"Alisema 'eti'. Nikangoja aseme eti nini. Hakusema!"

Nilicheka hadi nikakaa chini. Refa alihesabu kwa Kiingereza; ile "eti" yako ilikuwa "eiti", yaani nane.

Basi nikawa mwalimu wako. Ulikimbia kupanda Milimani, mimi nyuma kwa baiskeli, nikihema kuliko wewe, tukihesabu pamoja. "Karani," ulinitania, "hiyo kalamu mfukoni inakulemea? Nikubebee?" Nikakufundisha: ukianguka, pumzika, ukisikia "eti" yako, simama.

Siku ya ubingwa wa uzito wa juu ulianguka tena. Mtu nyuma yangu akapiga kelele, "Mrudisheni ghalani akabebe mahindi!" Nami, ninayeomba radhi hata nikikanyagwa mguu, nikapanda juu ya benchi. "Kaka! Eti! Eti!" Ukasimama. Raundi iliyofuata alilala mpinzani, na hakuwa akingoja swali lolote. Walipokubeba juu ulininyooshea glavu: "Mwalimu wangu yule! Yule mwembamba!" Sijawahi kuwa mrefu kama siku ile.

Ulipigana Kisumu, ukapigana Kampala, na hakuna aliyekuvua ubingwa. Hata hawa askari wa serikali ya kikoloni hawakukushinda. Walikuja kule shambani Rongai na malori, wakawazoa wanaume wote.

Leo karani mkuu ameinama mezani kwangu. "Kijana, kesho Bwana atakuuliza kama yule bondia ni ndugu yako. Sema humjui, ubaki na kazi." Alisema kwa wema. Mwenzetu aliyekubali kwamba mjomba wake amezuiliwa hakurudi tena ofisini. Naogopa, kaka. Chakula cha jioni kimenishinda.

Lakini Bwana yule, Mzungu mkuu wa ofisi, kwa Kiswahili chake kichache, huanza kila swali na neno moja. "Eti wewe..." Hivyo ndivyo atakavyoanza. Nikilisikia, nitasimama. Nitamwambia ndiyo, ni kaka yangu, tumbo moja, na ndiye bingwa wa uzito wa juu.

Mikono juu, kidevu chini, mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
yule mwembamba.