Hajasoma Nje, Kasoma Vanga

Makorora, Jumapili. Mvua imenyesha tangu alfajiri na joto halijapungua hata kidogo. Nguo nilizofua jana zinanuka uvundo kwenye kamba ya ukumbini, umeme umekatika, na mimi nina hasira ambazo sijui nimpelekee nani.

Nimezipeleka kwenye masufuria. Nimesugua mpaka mkono unauma.

Hazijaisha.

Kisa ni Mwanaidi, binti wa dada yangu. Dada na mumewe wanaishi Moa, wanalima minazi na muhogo. Shemeji ana dada yake, Bi Zuhura, aliyeolewa Vanga, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wa Kenya, na Mungu hakumjalia mtoto. Basi kama ilivyo desturi kwetu, Mwanaidi alipokuwa mdogo akapelekwa kwa shangazi yake akalelewe huko, amchangamshie nyumba. Akasoma shule ya msingi Vanga, akasoma sekondari Vanga. Sikukuu anakuja Moa, anakula pilau, anarudi. Hakuna aliyeona ajabu. Watu wa Moa wanakwenda Vanga kuhani msiba na magharibi inawakuta wamesharudi majumbani kwao.

Matokeo yake ya kidato cha nne yalipotoka, kafaulu vizuri sana. Anataka kusoma sheria. Anataka kweli, si kwa kusukumwa na mtu; huyu mtoto tangu utotoni ukimnyima haki yake hata ya kipande cha andazi atakuuliza kwa nini, na ukijibu ovyo atakuuliza tena.

Sasa, kule kwa wenzetu ukimaliza kidato cha nne na alama ukazipata, unakwenda chuo kikuu moja kwa moja. Hapa lazima kwanza upite kidato cha tano na cha sita. Hili nalijua kuliko mtu yeyote katika ukoo wetu, maana ndiyo kazi yangu: nafundisha historia kidato cha tano na cha sita katika shule moja ya binafsi hapa mjini.

Kule alikosomea hawamkatai. Ila ule utaratibu wa serikali yao wa kuwapangia wanafunzi vyuo na kuwasaidia ada ni wa raia wao, na Mwanaidi ni Mtanzania. Ajilipie yote mwenyewe, na minazi ya Moa haina uwezo huo. Tukasema sawa, ni haki yao. Mtoto arudi kwao, aombe chuo kwao.

Wiki iliyopita nikaongozana naye na baba yake mpaka chuoni alikoomba. Dada wa ofisi ya udahili alikuwa mpole, hata viti alitutafutia. Akatazama vyeti, akatueleza kwamba tatizo ni kuwa binti amesoma nje ya nchi.

Shemeji akaruka. "Hajasoma nje, kasoma Vanga!"

Foleni nzima ilicheka. Hata mimi nilicheka, kisha nikamwona uso. Hakuwa anatania. Kwake yeye nje ni Maskati, nje ni Ulaya, kule watu wanakopanda ndege kwenda. Vanga ni kwa dada yake.

Yule dada akaeleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Mtanzania aliyesoma mfumo wa kule anahesabiwa kuwa ameishia kidato cha nne. Akasome kidato cha tano na cha sita, au aanze na cheti, kisha stashahada, ndipo aombe digrii. "Utaratibu ndio huo mama, si mimi," akaniambia. Nami niliona kwamba si yeye, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Sina hata mtu wa kumgombeza.

Ningekubali. Wallahi ningekubali, kama si simu ya Ijumaa.

Aliyepiga ni Saumu, rafiki wa Mwanaidi, mtoto wa Vanga wa kuzaliwa, Mkenya. Wamekaa dawati moja miaka yote ya sekondari. Ana furaha mpaka anapiga kelele: amepata chuo, na chuo chenyewe ni kile kile kilichomkataa Mwanaidi. Tena sheria. Anaomba alale kwangu Jumapili hii, Jumatatu apande basi. Alama zake ziko chini ya za Mwanaidi, yeye mwenyewe anasema na anacheka.

Nikampigia yule dada wa udahili. Akanijibu bila kusita kwamba kwa mwombaji wa kigeni wanatazama kama cheti chake kinampeleka chuo kikuu nchini kwake. Cha Saumu kinampeleka.

Cheti cha shule moja, mtihani mmoja, dawati moja.

Yaani kosa la Mwanaidi ni kuwa wetu.

Nilikaa kitandani na simu mkononi, nikiwaza mambo ya dunia yasiyonisaidia. Binamu yangu aliyeko Maskati anasema huko wakimaliza sekondari wengi wao wanawekwa mwaka mmoja wa maandalizi, Kiingereza na hesabu, halafu wanaendelea na digrii yao. Mwalimu mwenzangu aliyewahi kusoma Japani anasimulia kwamba vyuo vya mikoani kule vinatafuta wanafunzi kwa tochi, watoto hawazaliwi, kumbi zimebaki na viti. Na hapa Afrika Mashariki, wakubwa wetu wakikutana hotelini wanatutangazia kwamba sisi sote ni eneo moja la elimu ya juu. Ningependa waje waimalizie hotuba hiyo ukumbini kwangu, mbele ya Mwanaidi. Chai nitawapikia.

Jana wakaja wote kwangu, alikobaki Mwanaidi tangu tulipotoka chuoni: dada, shemeji, na Bi Zuhura kutoka Vanga, leso imelowa mvua mpaka kichwani. Hakungoja hata kukaa vizuri.

"Mtoto nimemlea mimi. Nani wa kunambia si wangu? Tumtolee kitambulisho cha huko kwetu, aandikwe mume wangu ndiye babake. Atasomeshwa na serikali, na nyinyi mtapumua."

Nikamtazama shemeji nikitegemea atafoka. Alikuwa anatazama mkeka. "Mimi sina neno," akasema. "Akasome tu."

Mwanamume anakubali kufutwa kwenye maisha ya bintiye, na anasema kwa sauti ya kuomba chumvi.

Na mimi? Niandike ukweli, maana nani mwingine nitamwambia. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumshawishi Mwanaidi. Mimi mwalimu, ninayewafukuza watoto darasani kwa kuigiliziana mtihani. Nilikuwa nimechoka kiasi hicho.

Hayakuhitajika. Mwanaidi alikuwa anamimina chai. Akaweka birika chini.

"Shangazi, wewe ndiye mamangu, na unajua. Lakini nikaanze kusoma sheria kwa kumkana baba?"

Bi Zuhura akajifunika leso usoni akalia. Shemeji akanyanyuka, akasema anakwenda kutawadha, na adhana ya alasiri ilikuwa bado kabisa. Alikaa huko uani muda mrefu, tunasikia maji yanamwagika tu.

Walipoondoka, Mwanaidi akanifuata jikoni. Akaniuliza kama shuleni kwetu bado wanapokea kidato cha tano. Nikamwambia wenzake wameshaanza zamani, lakini mkuu wa shule hawezi kumkataa mtoto mwenye alama zile. "Basi niombee, mama mdogo. Nitakaa darasani kwako." Kisha akataka kujua kama na yeye atapaswa kusimama na kusema shikamoo mwalimu nikiingia, na akacheka. Nilijifanya nakuna nazi nisimtazame.

Nimeshampigia mkuu wa shule. Amekubali, aje kesho.

Saumu ameshafika. Sasa hivi wamelala kitanda kimoja chumba cha pili, miguu ya huyu kichwani kwa yule, wanacheka mambo ya Vanga nisiyoyajua. Mwanaidi ndiye aliyempangia mwenzake nguo kwenye begi. Amejaribu sketi ya shule ya binti wa jirani, imemfika juu ya magoti, itabidi tutafute nyingine.

Na mimi nina shughuli yangu ya kila mwaka ninapopata wanafunzi wapya wa kidato cha tano. Huwa nasimama mbele yao kabla ya somo na kuwaeleza kwa nini wako pale. Nawaambia kwamba bila miaka hii miwili mtu hajaiva kwa chuo kikuu, akipelekwa mapema atapotea. Nayasema kwa moyo. Sijawahi kuyatilia shaka.

Kesho mgeni ni mmoja tu darasani, na wenzake watanikumbusha kwamba yeye sijamwambia maneno yangu yale. Saa hiyo Saumu atakuwa ndani ya basi.

Nikifika kwenye maneno hayo, nitamtazama nani?