Hidaya amebebeshwa sukari yote ya Kigoma

Aisha, acha kupika kwanza! Dada Hidaya ametuua leo.

Si unajua sukari ya Kigoma imewekewa kota? Kiasi fulani tu kwa musimu. Mufuko hauvuki ziwa bila cheti cha mutandao kutoka biro, ile ofisi ya sukari ya kule, na kila cheti kinakula kwenye kota mpaka iishe.

Sasa Hidaya, kama sisi wote, amezoea kuomba mara mbili. Ukitaka mia unaomba mia mbili, maana muuzaji lazima akate nusu. Asubuhi akaomba mifuko elfu mbili, huku akitaka elfu moja.

Aisha, ile mashini ya biro inayotoa cheti haikati!!

Imemupa yote. YOTE! Simu ikalia tu: cheti kimetolewa, hakifutwi, kota yetu ya Kalemie imeisha.

Akakaa chini pwaa. "Mungu wangu, nitaiweka wapi? Watu wa soko watanikula muzima!"

Hajavaa hata viatu, hodi mulangoni. Mama Henriette, muuzaji mwenzake wa soko! Huyuhuyu asiyemusalimia tangu arusi ya Jamil. Leo meno yote inje: "Dada yangu mupenzi, nisaidie mifuko elfu moja basi."

Elfu moja! Na depo yake ya kuwekea mifuko ndogo vile, sote tunajua anataka mia tano.

Hidaya akamuangalia. Akaanza kucheka pole pole.

"Sawa, Mama Henriette. Nimekukubalia yote."

Aisha, yale meno yalivyorudi ndani!